Majirani wa Miezi Saba

Katika makaburi ya Quartzsite, mji mdogo wa jangwani magharibi mwa jimbo la Arizona, kuna piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Chini yake amelala Haji Ali, mchunga ngamia aliyezaliwa katika milki ya Waturuki akavushwa bahari hadi Marekani mwaka 1856, wakati jeshi la nchi hiyo lilipoamua kujaribu kuwabebesha ngamia mizigo yake. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly, na ndilo jina lililoandikwa kaburini. Mwaka 1857 alikuwamo katika msafara wa Edward Beale uliopasua njia kuelekea mto Colorado, njia ambayo baadaye ilifuatwa na barabara maarufu ya 66, kisha barabara kuu ya 40. Jaribio la ngamia lilikufa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka. Haji Ali hakurudi kwao. Alifariki mwaka 1902, na mwaka 1935 idara ya barabara ya jimbo ikamjengea piramidi ile. Maandishi yake yanapaita mahali pale kambi ya mwisho ya Hi Jolly.

Kila mwaka kuanzia katikati ya Septemba, Haji Ali hupata majirani. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu wakazi wa Quartzsite wakawa 2,413. Lakini ukifika Januari, jangwa linalouzunguka mji huwa limejaa trela na mabasi yaliyogeuzwa nyumba, na wageni wanaopita hapo katika msimu mmoja huhesabiwa kwa malaki. Wametoka Minnesota, Michigan, Dakota, Oregon, na ng'ambo ya mpaka huko Alberta na Saskatchewan. Wengi ni wastaafu. Wamarekani huwaita ndege wa theluji, kwa kuwa hushuka kusini theluji inapoanza na kupanda kaskazini inapoyeyuka.

Habari zao husimuliwa kama habari za hali ya hewa: wazee wanakimbia baridi, basi. Mimi naona baridi ni sehemu ndogo tu. Mtu anaweza kuikimbia baridi kwa kupanga chumba cha hoteli kando ya bahari. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini watu waliofanya kazi miaka 40 waache nyumba iliyosimama wakakae katika nyumba yenye magurudumu, tena waiegeshe palepale kila mwaka, karibu na watu walewale. Ukiifuata historia yao tangu mwanzo unakuta kwamba muda wote huo walikuwa wanajenga kijiji, na kila kizazi kilikwama mahali pamoja: mtu asiye na mlango wa kudumu, serikali imtambueje, barua imfikieje, na akiugua atunzwe na nani?

Mwaka 1919, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimekwisha, familia chache zilizopiga kambi katika bustani ya De Soto Park, mjini Tampa, Florida, zilikaa zikaunda chama. Jina lake lilikuwa Tin Can Tourists, watalii wa makopo. Walikula vyakula vya makopo njiani, na magari yao, hasa Ford Model T, yalikuwa yakitaniwa kuwa ni mabati matupu. Alama yao ya kutambuana ilikuwa rahisi kuliko zote: kopo tupu lililolehemiwa juu ya kifuniko cha rejeta. Ukiliona kopo likija mbele yako barabarani ulijua huyo ni mwenzako. Masharti ya chama nayo hayakuwa mengi: kambi iachwe safi, watu waheshimiane, burudani iwe ya staha, mwenzako akikwama umsaidie.

Kufika Florida wakati ule kulihitaji moyo. Barabara iliyoitwa Dixie Highway ilianza kutengenezwa mwaka 1915 ili kuiunganisha Michigan na Miami, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ni mtungo wa barabara za kila namna, pengine lami, pengine mchanga, pengine udongo tu unaogeuka uji mvua ikinyesha. Hema lilifungwa ubavuni mwa gari, na wenye mikono yenye ufundi walijitengenezea trela za mbao uani kwao. Wakulima waliokwisha vuna, wenye maduka madogo, wazee waliokwisha wakabidhi watoto wao kazi: hao ndio waliokuwa wakiteremka. Majira ya baridi walikutana Florida, majira ya joto walikutana Michigan. Umbo la mwaka wao, kituo cha kiangazi huku na makao ya baridi kule, lilipatikana tangu siku hizo.

Wenyeji wa Florida hawakuwapokea wote kwa mikono miwili. Kulikuwa na mzaha kwamba mtalii wa makopo huja na shati moja na noti ya dola 20, na msimu wote habadilishi shati wala noti. Wenye hoteli waliwaona ni watu wanaotumia jua la bure na maji ya bure. Miji mingine, Sarasota ukiwemo, ilipiga hesabu tofauti ikawatengea viwanja, kwa sababu hata mwenye noti moja hununua mkate, mafuta ya taa na petroli, na akipapenda mahali hurudi na nduguye. Mabishano hayo hayajaisha mpaka leo. Kila mji unaopokea wahamaji wa msimu hujiuliza kama amekuja mgeni au amekuja mzigo.

Jambo lililowageuza watu hawa kutoka wachache kuwa umma lilitokea mbali na barabara. Tarehe 14 Agosti 1935 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya hifadhi ya jamii. Kabla yake, mzee aliyeacha kazi Marekani aliishi kwa akiba yake, shamba lake au hisani ya wanawe, na yote matatu humfunga mtu mahali. Tarehe 31 Januari 1940 hundi ya kwanza ya malipo ya kila mwezi ilitolewa kwa Ida May Fuller, mama aliyekuwa karani wa ofisi ya mawakili huko Ludlow, Vermont. Ilikuwa dola 22 na senti 54. Aliishi mpaka mwaka 1975, akiwa na miaka 100. Fedha ile haikuwa nyingi, ila ilikuja kila mwezi bila kuulizwa mwenyewe anaishi jimbo gani. Mwaka 1965 ikaongezwa Medicare, bima ya afya ya wazee, ambayo daktari wa Arizona huipokea kama anavyoipokea daktari wa Minnesota. Kwangu mimi, hundi na kadi ile vilifanya zaidi ya injini yoyote.

Injini nazo zilikuwa na zamu yao. Mwaka 1936 Wally Byam, mzaliwa wa Oregon, alitoa trela ya alumini inayong'aa, mviringo kama tumbo la ndege, akaiita Clipper. Kampuni yake ni Airstream. Trela zilishamiri hivi kwamba mtabiri wa uchumi Roger Babson alisema baada ya miaka 20 zaidi ya nusu ya Wamarekani wangekuwa wakiishi ndani yake. Haikuwa hivyo. Vita vya Pili vilileta mgao wa matairi na petroli, na trela zikageuzwa makazi ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Mwaka 1956 Rais Eisenhower akaidhinisha barabara kuu za kitaifa. Barabara ya 75 ndiyo leo huwatoa watu wa Michigan hadi Florida bila kukutana na taa moja ya trafiki katikati ya njia kuu. Na mwaka 1966 Winnebago, kiwanda cha Forest City, Iowa, kikaanza kuuza magari yenye kitanda, jiko na choo ndani kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuifikiria.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana kipande chake cha historia hii, na sitakipita haraka. Mwaka 1959 Byam aliwakusanya watu 106 na trela 41, wengi wao wastaafu, akawavusha bahari mpaka Cape Town. Kutoka hapo wakaelekea Cairo kwa barabara: Rhodesia, Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya, Ethiopia, Sudan. Fikiria mzee wa miaka 70 aliyestaafu akivuta nyumba ya alumini katika udongo mwekundu, na watoto wakikimbia kandokando kujitazama nyuso zao katika bati linalong'aa. Kenya ilikuwa bado koloni, na Kongo ilikuwa imebakiza miezi tu kufikia uhuru wake. Ethiopia palikuwa na siku za kuvuta trela moja moja kwenye matope na mawe, umbali wa kutembea kwa miguu ukawa ndio safari ya kutwa. Walipotulia, waliziegesha kwa duara kama mataruma ya gurudumu, milango ikitazama ndani. Walimalizia mbele ya piramidi za Giza, na picha zake zinaonyesha duara lilelile. Barabara zetu ziliwaona watu wale mara moja tu, lakini kinachofaa kukumbukwa ni hilo duara. Walikuwa wamepita nchi kubwa mno, na kila jioni walijenga uwanja uleule mdogo ambamo kila mtu anamwona kila mtu.

Turudi jangwani. Mwaka 1967 watu wa Quartzsite walianzisha maonyesho ya vito na mawe, kwa sababu milima ya pale ina mawe ya rangi na wazee wana muda wa kuyaokota. Wageni wakaongezeka. Ardhi inayouzunguka mji ni ya serikali kuu, na sheria ya kawaida humruhusu mtu kupiga kambi bure siku 14, kisha ahame. Wastaafu walitaka kukaa msimu mzima. Mwaka 1983 idara ya usimamizi wa ardhi ikatenga maeneo ya wakaaji wa muda mrefu, hapo Quartzsite na kwingineko katika majangwa ya Arizona na California. Eneo la La Posa pekee lina takriban ekari 11,400. Kwa miaka mingi kibali kilikuwa dola 180, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili. Miezi saba kwa bei ambayo katika miji mingi haitoshi pango la wiki moja.

Mtu hufikaje? Huzunguka polepole akitafuta palepale pa mwaka jana, karibu na mti fulani au rundo la mawe aliloliacha mwenyewe. Mke hushuka na kusimama nyuma akielekeza kwa mikono. Mbao mbili huwekwa chini ya matairi ya upande ulioinama, pimamaji huwekwa sakafuni, jeki zinashushwa, mbao moja inaongezwa, mpaka povu la hewa likae katikati. Nyumba isiponyooka, friji ya gesi haifanyi kazi sawasawa na mlango wa chumba hujifungua wenyewe usiku. Paneli za sola zinaelekezwa kusini. Turubai linakunjuliwa, jamvi linatandikwa juu ya changarawe, na mwisho kinachomekwa kibao chenye majina ya mume na mke na mji waliotoka. Sheria inataka futi 15 kati ya nyumba na nyumba, na kuwe na utulivu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

La Posa hakuna bomba wala nyaya kwenye kila uwanja. Chini ya sakafu ya kila nyumba kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya vyombo na kuoga, na la choo. Mtu mzima aliyezoea bomba hujifunza upya thamani ya ndoo. Unajimwagia kidogo, unafunga koki, unapaka sabuni, unafungua tena kidogo. Vyombo huoshwa katika beseni, na maji yanayotoka kabla hayajapata moto hukingwa katika sufuria, hayamwagwi. Kila baada ya wiki moja au mbili tangi hujaa, na mtu huenda kumwaga na kuchota kwenye kituo cha pamoja. Pale kwenye foleni ndipo habari za kambi husambaa: nani amefika, nani amefanyiwa upasuaji wa goti, na nani mwaka huu amekuja peke yake.

Upande wa kiangazi husimuliwa kidogo, nami naona ni kosa. Aprili jua la Arizona linapoanza kuchoma, msafara hupanda kaskazini taratibu, siku tatu hapa, wiki pale. Huko juu ndiko kuna wajukuu, daktari mwenye faili la zamani, na kaburi la wazazi. Wengine wana kiwanja kidogo kando ya ziwa Michigan au Minnesota chenye trela ya pili. Wengine hujitolea kuwa wenyeji wa kambi katika misitu na bustani za taifa: hupokea wageni, husafisha vyoo na sehemu za moto, na malipo yao ni kiwanja chenye maji na umeme. Oktoba ikifika, mwenye trela ya kando ya ziwa hupiga magoti chini ya sinki. Humwaga maji yote, kisha husukuma katika mabomba dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, akifungua koki moja baada ya nyingine mpaka kila moja iteme waridi. Tone la maji likisahaulika kwenye kiungo, Januari litaganda, litavimba na kupasua bomba. Koki ya mwisho ikishatema waridi, kiangazi kimefungwa.

Wakanada wana hesabu ya ziada. Kwa kawaida Marekani huwaruhusu kukaa hadi miezi sita, na mkoa wa Ontario unamtaka mtu awepo nyumbani siku zisizopungua 153 katika miezi 12 ili asipoteze bima yake ya afya. Kwa hiyo katika nyumba zao kuna kalenda ukutani, na siku zinakatwa moja moja kama za mfungo. Bima ya wazee ya Marekani nayo ina pengo lake: kwa kawaida haitibu meno. Ndiyo maana mji mdogo wa Los Algodones, upande wa Mexico karibu na Yuma, umejaa madaktari wa meno, na asubuhi za Januari wazee huvuka mpaka kwa miguu, wakarudi jioni na meno mapya na dawa za shinikizo la damu.

Anwani ndiyo iliyokuwa kero ya muda mrefu kuliko zote. Mtu aliyeuza nyumba yake na kuishi safarini mwaka mzima alihitaji bado leseni ya udereva, kadi ya kupiga kura na mahali pa kupokelea hundi. Zamani alitegemea posta ya kila mji imwekee barua, au binti yake aliyebaki nyumbani azikusanye. Mwaka 1978 Joe na Kay Peterson, mume na mke waliokuwa wakiishi hivyo wenyewe, walianzisha chama cha Escapees. Makao yake ni Livingston, Texas, jimbo lisilotoza kodi ya mapato, na kazi yake moja kubwa ni kupokea barua za wanachama na kuwafuatishia popote walipo. Hivyo maelfu ya watu wanaolala Oregon au Florida ni wakazi wa Livingston kwa karatasi. Mji huo umewapa kile ambacho magurudumu hayawezi kumpa mtu.

Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 wakaongezeka watu wa aina nyingine jangwani: wazee ambao hawana nyumba ya kiangazi wala ya baridi, ila gari tu, na pensheni isiyotosha pango. Hao walikuwa wakitumikia maghala ya bidhaa wakati wa sikukuu, au wakivuna viazisukari Minnesota na Dakota Kaskazini kwenye baridi ya Oktoba. Jessica Bruder aliwaandika katika kitabu chake cha mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho, ya Chloé Zhao, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Inaniuma kwamba dunia iliwaona kwanza kwenye sinema. Mtu wa miaka 68 anayebeba maboksi usiku kucha alistahili kuonwa mapema zaidi. Lakini jangwani, kwa futi zile 15, mwenye trela ya thamani na mwenye gari bovu huazimana koleo na kukaa kwenye moto mmoja.

Linabaki lile la mwisho, la atakayemtunza mgonjwa. Macho hufifia, mkono huanza kutetemeka kwenye usukani, mwenzako anafariki mkiwa kilomita 3,000 kutoka kwa watoto. Miaka ya 1990 wanachama wa Escapees walifungua hapohapo Livingston kituo walichokiita CARE, karibu na uwanja wa chama. Mzee huingia na nyumba yake mwenyewe, pengine ikiendeshwa na rafiki. Huiegesha, huunganisha maji, umeme na bomba la taka, na kuanzia siku hiyo hupikiwa katika jengo la pamoja, hufuliwa nguo, hupelekwa hospitali. Akitoka kula hurudi kulala kwenye kitanda chake, kati ya kuta zilezile alizokaa nazo La Posa. Kibao cha majina huchomekwa mbele ya mlango kama kawaida. Magurudumu hayang'olewi.